Damu ya Kuku Mlangoni

Jua lilipozama mjini Kasongo, nyota yenye mkia ilitokea tena. Haraka, Julienne alipaka damu ya kuku kwenye mwimo wa mlango. Katekista wa kanisani kwao alikuwa amesema labda nyota kama hiyo ndiyo iliyoua wazaliwa wa kwanza kule Misri, na aliyepaka damu asitoke mpaka asubuhi.

"Mutoto anawaka moto," mama mkwe alisema. "Umupeleke kwa masista, wamupe dawa."

"Mama, nikitoka naye, nyota itamuua. Ni wangu wa kwanza."

"Nyota iko mbali. Homa iko hapa."

Julienne aligusa paji la uso wa mtoto. Kidole kiliacha damu, nayo ikakauka palepale.

Hakujua tena kifo kilikuwa nje au ndani. Alimbeba mgongoni, akamfunika kichwa ili nyota isimwone, akasukuma mlango.