Zawadi ya Mayu Nyanjige

Kuku alipasuliwa Jumanne. Bibi Nyamizi alipasuliwa Alhamisi, mlangoni kwake, kwa mapanga matatu, ugali wake ukiwa bado motoni.

Ndivyo mambo yalivyokwenda kitongojini pale. Mwenye msiba huchukua kuku mdogo, humtemea mate mdomoni, humpeleka kwa mganga. Mganga humpasua, husoma nyama za ndani, na kabla jua halijazama jina la mchawi limeshapatikana. Ajabu ni kwamba kuku hao hawajawahi kumtaja mwanamume mwenye ng'ombe mia. Siku zote ni bibi kizee fulani.

Sasa watu walisema anayefuata ni Nyanjige, jirani wa marehemu Nyamizi, mjane mwenye macho mekundu. Macho yale yaliharibiwa na moshi wa mabua ya pamba aliyopikia miaka hamsini, lakini nani anauliza? Lisemwalo lipo, walinong'ona, na kama halipo laja.

Kwa hiyo Jumamosi mchana watu watatu walikaa uani kwake kumlinda. Gloria, binti yake, nesi wa zahanati. Athanasi, aliyeacha seminari mwaka wa nne na sasa hutengeneza baiskeli Dutwa. Na Mwalimu Malimi wa baiolojia, aliyemzika mwanawe wa pekee wiki sita zilizopita bila padre wala shehe, majirani wakiguna. Urafiki wao ulianzia hapohapo: hawakuamini kitu. Gloria alipenda kusema yeye hajui tu, ila wenzake walimhesabu.

Walipiga soga, maana hofu haikaliki kimya.

"Mungu wa Wazungu alikuja na meli," alisema Athanasi. "Wa Waarabu naye alikuja na meli. Wa kwetu ndiye aliyekosa nauli."

"Na Tanzania je?" Gloria alidakia. "Hiyo nayo umeiona wapi, zaidi ya mstari kwenye ramani? Ng'ombe wetu akivuka kwenda Kenya anakuwa Mkenya?"

"Anakuwa nyama."

Wakacheka, hata Malimi, aliyekuwa na rungu mapajani.

"Basi tubaki na Kisukuma," Gloria alisema. "Hicho walau ni chetu."

Malimi aliligeuzageuza rungu. "Darasani nafundisha malaria kwa Kiingereza. Mtaani naieleza kwa Kiswahili. Siku mtoto alipokata roho, kilichonitoka ni Kisukuma kitupu, maneno ya bibi yangu. Sikujua kama bado yamo."

Athanasi alijikwangua grisi kwenye kucha.

Nyanjige alitoka jikoni na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. "Mnabishana nini, wanangu?"

"Kama Mungu yupo, mayu," alisema Athanasi, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kuleni kwanza."

Jiwe la kwanza lilitua kwenye bati. La pili lilimpata Athanasi begani, michembe ikamwagika. Wanaume watatu waliruka ua, mbele akiwa Luhende, kijana wa nyumba ya tatu, panga mkononi.

Malimi hakusubiri. Mmoja wa wenzake Luhende alimvunja goti, akaanguka akilia. Luhende aliinua panga. Rungu likashuka kwenye kifundo cha mkono wake na mfupa ukasikika ukikatika. Panga likaanguka. Wenzake waliburuzana wakatoweka, wakamwacha peke yake vumbini.

"Mwalimu mjinga!" Luhende alipiga kelele. "Unamlinda aliyekumaliza! Nani alimbeba mwanao siku ya mnada? Si huyu? Na homa haikuanza siku hiyohiyo?"

Malimi alimpiga mdomoni. Meno yalitoka. Alimpiga tena, na tena, mpaka Gloria akamning'inia mkononi kwa uzito wake wote. Luhende alitambaa kuelekea barabarani, damu ikimchuruzika.

"Ungemuua, Malimi!"

"Ningemuua."

Nyanjige alikuwa amekaa chini. "Ni kweli nilimbeba," alisema. "Alikuwa analia, nikampa kipande cha muwa. Basi."

"Ilikuwa malaria, mayu," Malimi alisema, akimwinua kwa mikono miwili. "Mimi nafundisha haya mambo."

Bibi alilia kwa sauti. Halafu akajifuta, akaenda nyuma ya jiko na kurudi na kuku mdogo mweupe, amemfunga miguu kwa kipande cha kanga. Mtu aliyepigana kwa ajili ya mji wako haondoki mikono mitupu, hata kama huna kitu.

"Wabeja, ng'wana wane," alimshukuru kama mwanawe. "Sina kingine."

Malimi alisita, kisha akampokea.

"Huyo hata mchuzi hatoi," Athanasi alitania, huku akijikanda bega.

"Atakua," alisema Nyanjige.

Walikubaliana Athanasi alale pale, Malimi arudi kesho asubuhi. Malimi akamtundika kuku kwenye usukani wa baiskeli, akaaga. Gloria alimsindikiza mpaka barabarani akimshukuru, machozi yakimtoka, akamwambia kwamba sasa mama amepata mtoto wa pili.

Njia ya kwenda kwake Dutwa ilikuwa ya kulia. Malimi alishika ya kushoto, ya Migato, akanyonga baiskeli kwa nguvu mpaka kwenye mji mmoja uliozungushiwa ua wa minyaa. Mzee mmoja alikuwa amekaa nje na kisu kidogo na jiwe la kunolea. Hakumuuliza shida yake.

Malimi alimfungua kuku. Akampanua mdomo kwa kidole gumba kilichokuwa bado na damu ya Luhende, akamtemea mate ndani, akamkabidhi mzee.

"Siamini haya mambo," alisema, kwa Kisukuma. "Pasua."