Hakuna Kuingia Bure

"Bure?" Mzee Githae aligonga meza mpaka chupa za soda zikaruka. "Mama, umesema huyu kijana anataka kuingia kwetu bure?"

"Ndiyo, mzee. Anakuja na moyo wake tu."

"Moyo hata kuku iko nayo!"

Makonstebo wakacheka, wakapiga makofi. Walikuwa wametoka Thika na Ruiru, wamevaa nguo za nyumbani, wamejaa kwa chumba ya mkutano ya hoteli moja hapo Ruiru. Huyo mama, jina yake Maxine, alikuwa ametumwa kutoka Nairobi aulize vyama vya maslahi ya polisi: kukiletwa askari wa akiba, raia wa kujitolea, wasiolipwa, wao wanaonaje? Asubuhi yote alieleza, na wao kimya. Unajua vile polisi hunyamaza akiona mkubwa. Mpaka Githae akafika, amechelewa, vumbi ya barabara ya Gatuanyaga mpaka kwa nyusi. Akaona kiti tupu hapo mbele, akaketi, akasikia neno "kijana", akaanza.

Na hakuwa anacheza. Watu wake ndio walimchagua awaongelee, sababu mdomo anao. Akilegea leo, siku ingine watatuma jamaa yake Kagwe, na Kagwe hata salamu humshinda.

"Kijana ana tabia nzuri," Maxine akasema. "Chifu anamjua. Pastor anamjua."

"Na baba yake? Mbona hajaleta baba yake tumwone?"

Maxine akaandika. "Hiyo ni pointi."

"Na akichoka je? Leo anapenda, kesho anarudi kwa mama yake, sisi tunabaki na aibu!"

"Kweli kabisa!" Konstebo Nzioki akapiga kelele huko nyuma. "Mwambie, mzee!"

"Kwetu mtu haingii mikono mitupu. Alete mbuzi. Alete blanketi."

"Mbuzi ni ya nini, mzee?"

"Ya heshima! Wewe, mama, kwenu ni wapi?"

"Kakamega."

"Basi alete ng'ombe."

Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Maxine naye akacheka, lakini kazi ni kazi, akafunga kalamu.

"Nimesikia yote, na nitapeleka. Lakini tukubaliane kitu kidogo. Tuanze na vijana thelathini."

Githae akashika meza kwa mikono yote miwili. "Thelathini?"

"Hiyo ni ya kuanza tu. Ikienda vizuri, tunaongeza."

"Ngai!" Akachukua soda ya jirani, akamaliza yote. "Ngojeni. Hiyo siwezi kuamua peke yangu. Wacha niende nje niulize wenzangu."

Huko nje akakutana na dada yake Ngina, anakimbia, kitambaa cha kichwa kimefika kwa shingo.

"Githae! Unatafutwa kila mahali! Mahari ya msichana wetu Wanja inaongelewa chumba ile ingine!"

Githae akaangalia mlango ametoka. Akaangalia ule mwingine.

"Na nani amekalia kiti yangu?"

"Si huyo sajini wa polisi ulituma? Ameingia mbio, akaketi, akasema tusisumbue kijana wa watu. Aje tu wikendi, bora awe na tochi yake." Ngina akapangusa jasho. "Wazee wa kijana wamefurahi sana. Sasa wanauliza kama na Shiko, mdogo wake Wanja, wanaweza kupata hivyo hivyo."