Fungu la Mshamu

Mshamu alipotea baharini miaka mitano iliyopita, lakini wavuvi wenzake waliendelea kumtengea fungu lake la samaki kila walipogawana ufukweni, kama mtu aliye hai. Mkewe, Mwanatumu, alishuka kila Ijumaa kutoka kwa dada yake kuja kulichukua.

Ijumaa hii alifika akiburuta miguu, na kikapu hana.

"Shemeji!" nahodha Bakuza alimwita. "Leo tumepata changu wanono. Mshamu akirudi hatakutambua kwa unene!"

Wavuvi wakacheka. Siku zote Mwanatumu hucheka nao. Leo aliketi mchangani, akavua kandambili zake.

"Kikapu umekisahau?"

"Sikukisahau, shemeji. Nimechoka kumlia mtu fungu lake. Shehe amenikubalia ahesabiwe amekufa. Kesho naanza eda."

Kicheko kikakatika. Bakuza akawatazama samaki watatu wa fungu la Mshamu waliolazwa juu ya kuti. Akainama kuwaokota, kisha akawarudisha palepale.

"Sasa hawa tuwapeleke wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Maji yalikuwa yanajaa. Yakaufikia ukingo wa kuti, na hakuna aliyelisogeza.