Ukingo wa Picha

Bi Rukia aliketi mezani peke yake, kishikwambi kimeegemezwa kwenye birika. Kesho, kwenye harusi ya bintiye Nasra, wageni wangetazama video za utoto wake, na tangu asubuhi Rukia alikuwa akimwondoa humo mume aliyewaacha. Mume alipoonekana kando, Rukia alisogeza ukingo wa picha kumkata. Mume aliposema, alizima sauti.

Ilibaki video moja, ya hatua za kwanza.

"Mwite, Baba Nasra!" Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyuma ya kamera, changa na yenye kicheko. "Usimsogelee, mwache aje."

"Njoo, mama. Njoo kwa baba. Huyoo, mlevi wangu!" mume alimwita mtoto.

Rukia alizima sauti zote mbili, akasogeza ukingo mpaka mwanamume akatoweka, kisha akatazama. Mtoto aliyumba, akacheka bila sauti, akanyoosha mikono, akaharakisha kuelekea mahali pasipo na mtu.

Simu iliita.

"Mama, ile ya kutembea umeiweka?" aliuliza Nasra. "Nilikuja kwako, eti?"

Ingetosha kuitikia tu.

"Mimi nilikuwa nimeshika kamera, mwanangu."

"Haya, Mama," alisema Nasra taratibu, akaaga.

Rukia alirudisha kidole kwenye kioo na kuuvuta ukingo polepole. Mikono miwili ilitangulia kuingia kwenye picha, imefunguliwa, ikingoja. Hapo kidole chake kikasimama.