Kijiti cha Mkunde

Siku ya tisa Mkunde alichomoa kijiti kutoka kwenye lundo lake la mboji, akakishika ncha. Kilikuwa baridi kama kimetoka mtungini. Mboji inayoiva hupata joto ndani, na mvua zilikuwa karibu.

"Nimeshindwa," alimwambia Mama Tunu, jirani yake aliyekuwa naye kwenye kikundi cha wakulima. "Kesho nanunua mbolea ya dukani."

Mama Tunu alichimba lundo kwa vidole. Vumbi tupu.

"Dukani ufuate nini? Umelinyima maji tu, mwanangu."

Jioni wanakikundi watano walikuja, kila mmoja na ndoo ya maji na kopo la mboji yake mwenyewe, bado ina uvuguvugu. Waliligeuza lundo lote huku wakibishana na kumtania Mkunde kwamba alikuwa anaanika mboga. Mwishowe Mkunde akachomeka kijiti, kimeinamia nyumba yake.

"Siku tatu asikiguse mtu," Mama Tunu aliamuru. "Lundo halipendi kupekuliwa."

Mkunde alivumilia siku moja. Alfajiri ya pili alinyata hadi bustanini, akasimama ghafla. Udongo mbichi kuzunguka lundo ulijaa nyayo ambazo jana hazikuwapo, na miongoni mwake ilikuwamo alama ya kandambili iliyokatika kisigino, ya Mama Tunu. Kijiti nacho sasa kilikuwa kimeinamia njiani.

Mkunde akacheka peke yake, akakichomoa, akaishika ncha yake yenye joto kwa mikono miwili.