Ngazi Kumi na Mbili

Kituo hakikuwa na ngazi hata moja. Kilikuwa jengo la chini, paa la zege bapa kama meza, sakafu moja tu kutoka kaunta mpaka mahabusu. Lakini koplo, kwa mwandiko wake ule wa kuringia, aliandika kwamba marehemu aliteleza kwenye ngazi za zege nyuma ya kituo, akabingirika ngazi kumi na mbili, akafa.

Aliyaandika hayo mara tatu, maelezo ya askari watatu. Ndivyo kituo kilivyozoea: wengine wana mikono mizito, yeye ana mwandiko. Walimwita Kalamu.

"Kaanguka," mkuu wa kituo alikuwa amemwagiza. "Ameangukaje, utajua mwenyewe. Si wewe ndiye msomi wetu?"

Wale watatu wakatia sahihi bila kusoma, mmoja huku anaongea na simu. Mkuu akagonga mihuri huku anapiga miayo. Nakala moja ikaenda mahakamani, moja ofisi ya malalamiko, moja akapewa mama wa marehemu.

Marehemu alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Nusu ya vichwa vya kituo hicho vilikuwa vimepita mikononi mwake. Alikamatwa kwa kumwambia askari asubiri zamu kama wateja wengine. Aliingia mahabusu asubuhi kwa miguu yake, akatolewa mchana kwa machela. Kalamu alikuwa kaunta, na ukuta wa kituo ni mwembamba. Alisikia yote. Hakuinuka kitini.

Kusema hakuthubutu. Askari wa mwisho kusema sasa analinda ghala la mbolea, na huyo ndiye mwenye bahati. Ila kuandika, Kalamu alithubutu. Aliuandika uongo mkubwa kiasi kwamba yeyote mwenye macho mawili angeuona, akifika tu nyuma ya kituo. Alihitaji mtu mmoja afike.

Mama wa kinyozi hakuweza kufika. Raia hawavuki kaunta. Alishinda kwenye benchi, siku hadi siku, karatasi yake mkononi.

"Mwanangu, nisomee tena pale."

Kalamu akamsomea.

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili, mama."

"Huyu kabla ya kunyoa alikuwa akipaka rangi maghorofa. Ananing'inia kule juu, anapiga mluzi, mimi huku chini nimefumba macho. Hajawahi kuanguka hata kwenye stuli. Leo ngazi?" Akaikunja karatasi. "Nataka nizione. Nikiziona, nitamzika moyoni. Nisipoziona, baba, sitoki hapa."

Kalamu akainama kama anayetafuta kalamu chini ya kaunta. "Vumilia, mama. Anakuja mtu wa kuzitafuta."

Na mtu akaja. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya malalamiko, mwembamba, mkavu, ambaye askari walimwita Msumari, kwa kuwa walishasikia kwamba hapindi. Alikataa soda. Alikataa kiti. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kituo na yale maelezo matatu, akasoma, akainua macho, akasoma tena. Kalamu alikuwa amemfuata hatua kwa hatua.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi, afande."

"Ngazi zenyewe ziko wapi?"

"Ziko kama zilivyoandikwa, afande. Nyuma ya kituo."

Wakatazamana. Mbele yao palikuwa na ukuta mtupu na mjusi mmoja. Msumari hakuuliza tena, na Kalamu akajua ameeleweka.

"Maelezo haya yanaweza kubadilishwa?"

"Hayawezi, afande. Yana mihuri, na nakala iko mahakamani."

"Hilo ndilo nililotaka kujua."

Msumari akatoa futi kamba mfukoni, akapima ukuta. Urefu, upana, kutoka chini mpaka ukingo wa paa, kila kipimo akakiandika kwenye daftari. Kalamu alimshikia ncha ya futi. Hajapata kushika kitu kwa furaha namna ile. Kisha mgeni akajifungia ofisini na mkuu, saa nzima. Mkuu alitoka amelowa jasho, uso kama jivu.

"Wewe Kalamu nenda likizo wiki mbili," Msumari alisema, akifunga mkoba wake. "Kazi yako umeshaimaliza. Tuachie yetu."

Nyumbani, Kalamu alirudia sahani mara mbili.

"Makubwa!" mkewe akamtania. "Leo umeokota nini huko kazini?"

"Nimeokota mtu mmoja mwaminifu, mke wangu. Nilidhani wameisha."

"Umemkagua vizuri lakini? Nyie polisi hamchelewi kukamata mtu siye."

Kalamu akacheka mpaka akapaliwa. Wiki mbili zile alilala usingizi wa kukoroma, usingizi ambao hakuwa nao tangu siku ya machela.

Siku aliyorudi kazini, benchi lilikuwa tupu. Akatabasamu. Mama kapata haki yake, akajisemea, kaenda zake. Ndipo akasikia sauti ya mama huyo ikitoka nyuma ya kituo, taratibu, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Kalamu akapita kaunta, akapita mahabusu, akatokea uani.

"Tisa," mama alikuwa akisema. "Kumi."

Msumari alikuwa amemshika kiwiko, kwa heshima zote, asije akateleza. Zege la ngazi hizo, lisilotimiza wiki mbili, lilikuwa limepakwa oili chafu, na kingo zake zimemegwa kwa nyundo, ungedhani limekanyagwa miaka ishirini.

"Kumi na moja. Kumi na mbili."

Akasimama pale juu, penye paa tupu na anga, akahema. Kisha akamwona koplo chini, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Zipo kweli, mwanangu," akasema. "Nisameheni. Nilishaanza kuwadhania vibaya."