Kakakuona Apanda Jabali

Katika chuo kimoja cha wanyama alisoma Kakakuona, aliyejiona mwoga kuliko wote kwa sababu alijikunja kila alipoogopa. Siku moja darasa lilipelekwa kupanda jabali kwa kamba. Nyegere, aliyejulikana kwa ushupavu, akatangulia. Alipofika katikati akatazama chini, akaganda, akaanza kulia. Kakakuona akapanda polepole hadi alipokuwa mwenzake, magamba yakigongana kwa kutetemeka.

"Umekuja kunicheka?" Nyegere akauliza.

"Hapana, ndugu yangu. Hata mimi naogopa. Shika mkia wangu, twende pamoja."

Wakafika juu. Nyegere akamkumbatia. "Kumbe wewe huogopi kitu!"

"Nimeogopa njia nzima," Kakakuona akajibu, akicheka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakutamani kuwa mnyama mwingine.